Maana ya Taharuki katika Filamu za Kutisha

Taharuki ni hali ya moyo wa mtazamaji kuning'inia kati ya kujua na kutojua: ameshang'amua kwamba baya linakuja, ila hajui litatokea lini wala upande gani. Wanafunzi wa fasihi hukutana na neno hili katika riwaya na tamthilia, lakini filamu ya kutisha ndiyo inayoifikisha hali hiyo mwilini.

Taharuki si mshtuko. Mtu apitaye usiku katika vichochoro vya Mkomani, Lamu, akakurupushwa na punda aliyesimama gizani penye kona, ameshtuka. Jambo limekwisha papo hapo, na pengine atacheka. Lakini akisikia nyayo nyuma yake, akasimama nazo zikasimama, akaenda nazo zikaenda, hiyo ndiyo taharuki. Filamu hutumia vyote viwili, ingawa mwongozaji anayetegemea mlango kubamizwa na muziki kulipuka ghafla, kwa maoni yangu, anakwepa kazi.

Kazi yenyewe ni kuficha. Steven Spielberg alipoitengeneza Jaws, filamu ya mwaka 1975 kuhusu papa mla watu, papa wa mashine alikuwa akiharibika mara kwa mara kwa maji ya chumvi, ikambidi amwoneshe kwa uchache na kutegemea uso wa bahari, mapipa yanayoelea, na muziki wa John Williams wenye noti mbili zinazojirudia. Hitilafu ikageuka neema, kwa kuwa papa anayeumbwa na mawazo ya mtazamaji hana kipimo.

Basi raha inatoka wapi? Adrenalini, homoni inayouamsha mwili mbele ya hatari, humwagika, moyo hwenda mbio, viganja hutoka jasho, ilhali akili inajua kwamba hakuna hatari. Mwanasaikolojia Dolf Zillmann alieleza kwamba msisimko huo hauishi mara tishio linapoondoka, bali husalia mwilini kwa muda na kuikoleza hisia inayofuata, hata nafuu ya kuona mhusika ameokoka ikawa tamu kuliko ambavyo ingekuwa bila ile hofu. Sharti lake ni usalama, na anayeukosa, kama mtoto mdogo asiyetenga picha na kweli, huteseka tu. Watoto wanaosimuliwa habari za majini usiku barazani wanao usalama wao: humsogelea bibi badala ya kumkimbia, na akinyamaza, humsihi aendelee.