Mjukuu yatima kwenye nyumba ya babu

Mi ni msaidizi wa kisheria hapa Ujiji, na kesi nyingi za mirathi zinazonifikia zinatoka kwenye zile nyumba zetu za zamani, mnazijua, korido katikati vyumba huku na huku, jiko na choo uani, na humo ndani yupo babu, bibi, shangazi aliyeachika, wajukuu mpaka vitukuu, dagaa wanapikwa sufuria moja wote wanakula. Nayapenda maisha hayo, hata mi nimelelewa hivyo hivyo na bibi.

Sasa kuna kijana alinijia. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, babu akamlea, na mzee alipoanguka kitandani ni huyu kijana ndo alikuwa anamuogesha na kumlisha. Babu kazikwa, baba zake wadogo wakamwambia we huna fungu hapa. Akaniuliza, hivi ni kweli? Kwa mirathi ya Kiislamu, ambayo familia yao ndo inaifuata, ni kweli, mtoto wa kiume wa marehemu akiwa hai basi mjukuu anazuiliwa. Iliniuma sana kumwambia.

Kinachoangaliwa ni nani katangulia. Baba yake angekufa baada ya babu, hata kwa wiki moja tu, fungu lake lingekuwepo na lingeshuka kwa watoto wake hata kama nyumba ilikuwa bado haijagawiwa.

Ila sheria hiyohiyo imeacha mlango na wazee wengi hawaujui: mtu anaweza kuusia mpaka theluthi moja ya mali inayobaki baada ya mazishi na madeni, kwa mtu ambaye si mrithi, na mjukuu aliyezuiliwa si mrithi kwahiyo anaingia hapo moja kwa moja. Au mzee atoe hiba, yaani zawadi, amkabidhi kabisa akiwa mzima, asisubiri maradhi ya mwisho maana hapo hiba inahesabiwa kama wasia. Iandikwe, mashahidi wawepo, wanawe wasikie kwa masikio yao. (Na bibi jamani, marehemu akiacha watoto mjane ana 1/8 yake, msimpite.)

Yule kijana tulikaa na baba zake wadogo jioni mbili barazani, mwisho wakamwachia chumba cha mbele kwa hiari yao, tukaandikishana. Wangekataa nisingekuwa na kifungu cha kuwabana.