Ngumu kuwaka, nyepesi kula mafuta: pa kuanzia kwenye pikipiki ya kabureta

Pikipiki inayodai kiki kumi asubuhi na kumaliza lita nzima kwa kilomita 25 mara nyingi haina magonjwa mawili. Ina mmoja: petroli na hewa havichanganyiki kwa kipimo, au vinachanganyika sawa lakini mgandamizo unavuja. Kununua kabureta mpya kabla ya kujua ni lipi kati ya hayo ni kubahatisha.

Vipimo nitakavyotaja ni vya injini ya cc 125 ya mtindo wa Honda CG, ile yenye fito za kusukuma valvu, ambayo Wachina wameinakili kwa majina chungu nzima. Yako ikiwa tofauti, fuata namba za kitabu chake. Utaratibu ni uleule.

Anza na plagi, maana ndiye shahidi pekee anayeingia ndani ya silinda na kutoka. Endesha kilomita chache ukiwa umebeba mzigo, zima ghafla bila kuiacha ingurume, kisha ifungue. Rangi ya kahawia kama udongo mkavu ni afya. Masizi meusi makavu ni petroli nyingi. Nyeusi iliyolowa na kunuka petroli maana yake kabureta inafurika, au cheche haipo. Nyeusi yenye utelezi wa oili, acha kabureta: hizo ni ringi au sili za valvu. Nyeupe kabisa ni hewa iliyozidi, na hiyo ndiyo inayotoboa pistoni. Nafasi ya cheche iwe milimita 0.6 hadi 0.7.

Plagi ikiwa bado mkononi, irudishe kwenye kofia yake, igusishe chuma cha injini mbali na tundu lake (petroli inayorushwa na tundu hilo huwaka), washa swichi upige kiki. Cheche iwe ya buluu na usikie inalia. Ikiwa ya njano na nyembamba, vua kofia, kata kama milimita 5 za ncha ya waya na uikaze upya kabla hujailaumu koili.

Cheche ikiwa safi, swali linalofuata ni hili: inagoma ikiwa baridi au ikiwa moto?

Inayogoma ikiwa baridi, ikawaka kwa choki tu na kuzimika ukirudisha choki hata baada ya kupata moto, inanyimwa petroli kwenye mzunguko wa chini, ile njia ya petroli inayotumika injini ikinguruma taratibu. Mtuhumiwa wa kwanza ni jeti ndogo, kile kiskrubu cha shaba chenye tundu la kupimia petroli hiyo. Kwenye injini hizi mara nyingi ni namba 38, yaani tundu la karibu milimita 0.38, na utando wa petroli iliyolala wiki mbili unatosha kuliziba. Ifungue kwa bisibisi inayojaa kwenye mkato, la sivyo utaula ule mkato na jeti haitatoka tena. Ilaze kwenye dawa ya kusafishia kabureta, ipulize kwa kompresa, halafu iinue kwenye mwanga: uone duara kamili, siyo mwezi mwandamo. Usichokonoe kwa waya wa chuma. Shaba ni laini. Ukikwangua kidogo tu, namba 38 inakuwa 42, na hapo umeanzisha ulaji wa mafuta ambao hukuwa nao.

Jeti ikiwa safi na tatizo lipo, tafuta hewa ya wizi kati ya kabureta na kichwa cha silinda. Injini ikinguruma, nyunyiza maji kidogo kwenye maungio. Mlio ukibadilika, oringi (pete ya mpira ya kuzibia) imekauka au kile kipande cheusi cha kuzuia joto kimepinda kwa kukazwa kupita kiasi. Dalili yake nyingine ni resi inayopanda na kuchelewa kushuka.

Inayogoma ikiwa moto, kisha ikakubali ukifungua mkono wa mafuta wote bila choki, imelewa petroli. Hapa ndipo ugumu wa kuwaka na ulaji wa mafuta vinapokutana, na sehemu inayostahili muda wako ni kisindano cha floti, kile ambacho boya la ndani ya bakuli hukisukuma kuziba petroli bakuli likijaa. Kitoe ukitazame ncha: ikiwa na pete iliyochimbika kuzunguka, hakizibi tena, kibadilishe. Kisha pima kimo cha petroli ndani ya bakuli. Chomeka mpira unaopitisha mwanga kwenye bomba la kumwagia la bakuli, uinue ubavuni mwa kabureta pikipiki ikiwa imesimama wima, fungua koki na skrubu ya kumwagia. Petroli itapanda ndani ya mpira na kusimama. Inatakiwa ituame milimita chache chini ya maungio ya bakuli. Ikipita hapo, floti imejaa au ulimi wake umepindwa. Itikise sikioni, yenye petroli ndani utaisikia.

Kisindano kikivuja usiku kucha na koki ikiwa wazi, petroli huteremkia kwenye oili. Nusa kijiti cha kupimia. Kikinuka petroli au kimo kimepanda bila wewe kuongeza, usiwashe: mwaga oili, lita moja kasoro, uweke mpya. Oili iliyochujuka hivyo inakula kamshafti, mhimili unaoendesha valvu, kimyakimya.

Tapeti, yaani nafasi kati ya valvu na roka (mikono inayozibonyeza), ndizo wengi wanazisahau. Kiti cha valvu kikilika, nafasi inapungua mpaka valvu haifungi sawasawa, na kwa mwendo wa kiki mgandamizo wote unapitia hapo. Injini ikiwa baridi kabisa, toa plagi, weka gia ya juu, zungusha gurudumu la nyuma hadi alama ya T kwenye magneto ikutane na alama ya kava. Roka zote mbili ziwe zinacheza. Zikiwa zimebana, zungusha injini mzunguko mmoja zaidi. Weka milimita 0.08 kila moja. Kipimo kipite kwa kukwaruza kidogo, na ukikaza nati pima tena, maana kukaza kwenyewe hubadilisha.

Baada ya hayo ndipo useti hewa. Injini ikiwa moto, fungua skrubu ya hewa mzunguko mmoja na nusu kutoka ilipofungwa kabisa, kisha tafuta pale injini inapokimbia zaidi na uishushe resi kwa skrubu nyingine. Jua ipi unaigusa: iliyo upande wa chujio hupima hewa, kuifungua ni kupunguza utajiri wa petroli. Iliyo upande wa injini hupima petroli, na kazi yake ni kinyume.

Ulaji wenyewe upimwe, usikadiriwe kwa gharama ya siku. Jaza tenki hadi alama, tembea kilomita 100, jaza tena hadi alama ileile. Injini nzima ya cc 125 hupata kilomita 35 hadi 45 kwa lita. Ikiwa chini na kabureta ni safi, inua stendi kubwa usukume gurudumu la nyuma: likisimama haraka, breki zinaburuza. Angalia choki isiwe imenasa nusu. Sponji ya chujio ioshe kwa mafuta ya taa kisha sabuni, ikamue bila kuisokota, ipake oili kidogo.

Kuna kubana jeti pia, kutia uzi wa waya kwenye jeti kubwa ili “inuse” mafuta. Nguvu ikipungua dereva anafungua mkono zaidi, akiba inaishia hapohapo, huku kichwa kikichemka. Ukifungua kabureta ya kununua mitumba ukakuta uzi humo, utoe, weka jeti mpya ya namba ya kiwandani, kisha uisome plagi upya.