Je, wajua kwa nini Malindi hunywa mvinyo wa Italia lakini hailimi zabibu zake?

Tembea barabara ya ufukweni Malindi jioni, utasoma Kiitaliano kabla hujasoma Kiswahili. Waitaliano walianza kuzoea hapa miaka ya 1960, walipojenga kituo cha kurushia satelaiti cha San Marco kule Ngomeni. Mwaka 1967 roketi ya kwanza iliyobeba satelaiti iliruka kutoka jukwaa lao la baharini. Waliokuja baadaye wakaleta piza, aiskrimu na lugha ambayo vijana wengi wa bodaboda wanaiongea bila kusitasita. Mvinyo nao ulikuja, lakini ndani ya chupa. Mzabibu wenyewe, mmea ambao Mwitaliano wa kijijini hupandisha hata ukutani mwa nyumba yake, haukuwa zao la hapa. Ardhi ipo, jua limejaa tele, wajuzi wa kazi wapo, na wanunuzi wamekaa mezani tayari. Kwa nini basi?

Wengi watakwambia ni joto. Si uongo, ila jibu hilo halitoshi, maana Dodoma nako kuna jua kali na zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Kinachotukwamisha hasa ni usiku.

Zabibu changa imejaa asidi. Inapoanza kuiva, majani huipelekea sukari, na wakati huohuo punje huanza kuitumia asidi yake yenyewe kama kuni za kuendeshea maisha. Inayotumika zaidi ni asidi ya maliki, ileile inayofanya tufaha bichi liume ulimi. Joto likizidi, asidi hii huteketea upesi. Usiku wa baridi huituliza. Kwa hiyo penye mchana wa jua na usiku wa baridi, zabibu hujaa sukari bila kupoteza ukali wake, na ganda lake hushika rangi vizuri. Malindi haina usiku wa namna hiyo. Hata Julai, kusi ikivuma, alfajiri ni karibu digrii 22. Ikifika kaskazi, Januari hadi Machi, nani analala bila feni? Zabibu ya hapa ingekuwa tamu, hilo sikatai, tamu ya kula. Ukiigeuza mvinyo ungepata kinywaji chenye kilevi kingi na ladha chapwa.

Tofauti hii inaonjeka bila hata kuondoka mjini. (Msomaji asiyegusa pombe, na Malindi ni wengi, asome haya kama habari za shamba tu.) Mvinyo uitwao Primitivo hutoka Puglia, kwenye kisigino cha Italia, nchi tambarare iliyo karibu na bahari ambayo kiangazi chake ni kikavu na cha kuunguza. Ni mvinyo mweusi, wa harufu ya matunda yaliyokaushwa, na kilevi chake mara nyingi ni asilimia 14 au zaidi. Sasa chukua Etna Rosso, unaotoka miteremko ya volkano ya Etna kisiwani Sicily. Huko pia ni kusini, jua ni la Mediterania lilelile, lakini mizabibu mingine iko takriban mita 1,000 juu ya bahari na usiku wa mavuno unataka sweta. Kinachotoka ni mvinyo wa rangi hafifu, wenye uchachu na unaokausha fizi. Ni kweli kwamba aina za zabibu si moja. Ya Etna, Nerello Mascalese, huchelewa kuiva, mara nyingi hadi Oktoba, nayo inaumudu mlima kwa sababu mlima unaipa muda.

Hapo muuzaji atakwambia mvinyo wa Etna una ladha ya lava. Mimi simo. Mizizi hainyonyi mwamba. Hunyonya maji yenye madini kidogo mno, na yanayofika kwenye glasi ni machache kiasi kwamba ulimi hauwezi kuyatambua kama ladha ya jiwe. Kazi ya mwamba na udongo ni nyingine: kuamua maji yakae au yapite, na mizizi ihangaike kiasi gani. Mzabibu ulionyimwa maji kidogo hutoa punje ndogo, ganda likawa jingi kulingana na maji ya ndani, na rangi pamoja na ule ukavu wa fizi vyote vimo gandani. Ukinyweshwa mno, punje huvimba na ladha huzimuka.

Kama siri ingekuwa jiwe peke yake, sisi tungekuwa matajiri. Chablis, eneo la mvinyo huko Ufaransa, hujivunia chokaa iliyojaa visukuku vya chaza wadogo wa bahari iliyokuwapo miaka milioni 150 hivi iliyopita. Malindi imekaa juu ya matumbawe, chokaa ya baharini vilevile. Mnara wa Vasco da Gama umesimama juu ya mwamba huo, na kuta za kale za pwani yote zimejengwa kwa mawe yake. Maji hupita humo upesi, jambo ambalo mzabibu unalipenda. Tatizo liko juu ya ardhi: mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, nyingi ikianguka kati ya Aprili na Juni, na hewa yenye unyevu hata siku isiyo na wingu. Kuvu wa majani hawahitaji mwaliko mwingine. Mkulima angekuwa na bomba la dawa mgongoni kila mara.

Kuna na suala la usingizi. Ulaya mzabibu hupukutisha majani, huficha akiba yake kwenye shina na mizizi, kisha hulala majira yote ya baridi. Ile baridi ndiyo inayoyapanga macho yake, yaani vichipukizi vyake, yaamke pamoja, yachanue pamoja, na kuiva pamoja. Palipo na joto mwaka mzima mzabibu hauambiwi lini ulale. Macho huamka kila moja kwa wakati wake, kama mwembe ambao tawi la huku lina maua na la kule lina embe zinazoanguka. Kwa mwembe huo ni baraka. Kwa mtu anayetaka kuvuna shamba zima kwa siku chache na kukamua pipa moja, ni maumivu ya kichwa.

Dodoma ililitatua hilo kwa makasi. Zao lilianzishwa na wamisionari wa Kiitaliano, huko Bihawana, mwaka 1957. Mji uko mita 1,100 hivi juu ya bahari, mvua yake ni karibu nusu ya ile ya Malindi, na huacha kabisa kwa miezi kadhaa. Mkulima hupogoa mizabibu yake, mmea ukaanza safari upya, kisha huvuna, baadaye hurudia. Kiangazi na makasi vimeshika nafasi ya theluji. Usiku wa Julai huko hushuka hadi karibu digrii 14, na hizo digrii nane pungufu ya zetu ndizo zinazoibakizia zabibu asidi. Hapa Kenya, Naivasha imejaribu njia ya mwinuko pia, karibu mita 1,900 juu ya bahari. Wala sisemi pwani ya tropiki haiwezi kabisa: Bali, Indonesia, wana mvinyo wao, ila mizabibu wameipeleka upande wa kaskazini wa kisiwa, ulio mkavu. Kwa hesabu zangu, anayetaka kujaribu Malindi angejishughulisha sana kupata kitu ambacho mezani kingeshindwa na chupa ya bei nafuu iliyosafiri kwa meli.

Malindi haijakosa kinywaji cha ardhi yake, lakini. Usiku ule unaomshinda mzabibu humfaa mgema. Mnazi haulali. Hutoa karara moja baada ya nyingine mwaka mzima, na mgema hupanda asubuhi na jioni kwa vidato vilivyochongwa kwenye shina, kotama kiunoni. Hulifunga karara lisifumuke, hukata ubale mwembamba kwenye ncha, kisha huacha utomvu udondoke chomboni. Utomvu huo una sukari ya asilimia 12 hadi 15 hivi na, tofauti na maji ya zabibu, hauna uchachu unapoanza kutoka. Kabla mgema hajateremka hamira ya hewani na iliyobaki kwenye kibuyu imeshaanza kuufanyia kazi, maana digrii 26 au 28 ndizo inazozipenda. Tembo linaloteremshwa asubuhi limekesha usiku mzima, likiwa bado tamu na lina povu. La jioni limepikwa na jua la mchana, nalo huwa kali zaidi.

Mvinyo wa zabibu hukaa miaka kwa sababu asidi yake na kilevi cha asilimia 12 au zaidi huwafungia bakteria mlango. Tembo halina asidi hiyo tangu mwanzo, na kilevi chake kwa kawaida hakizidi asilimia 5 au 6. Bakteria huingia pamoja na hamira, hulifanya jeupe kama tui, na huanza kulichachua siku hiyohiyo. Ndiyo maana kadzama, yaani tembo la heshima, inayopelekwa kwenye mazungumzo ya mahari kwa Wagiriama hugemwa kwa ajili ya siku yenyewe, hainunuliwi ikawekwa. Likikaa siku mbili tatu ni siki, na hapo hupelekwa jikoni kutiwa kwenye achari.