Pembesita hazikai juu ya kuba kwa kubofya tu

Wiki hii nimeombwa tena: "Chukua ule mchoro wa pembesita, uvishe kwenye kuba, programu itapanga yenyewe." Haitapanga. Nimechoka kumjibu mtu mmoja mmoja.

Silinda na koni hazina shida. Ukizichana zinalala bapa, kwa hiyo nakshi ya kwenye karatasi inazunguka bila kuvutika. Kuba halilali bapa bila kuvutwa au kuchanika. Mwanahisabati Gauss alilithibitisha hilo mwaka 1827, na hakuna toleo la Grasshopper, programu tunayochorea nakshi hizi, litakalolitengua.

Programu hutaja kila nukta ya uso kwa namba mbili, U na V. Wengi wanadhani ni urefu. Ni anwani tu. Chukua nusu tufe, gawanya mzunguko wake sehemu 40. Ukipanda nyuzi 60 kutoka ukingoni, mzingo umebaki nusu ya ule wa chini, na sehemu bado ni 40. Pembesita zimebanwa upana nusu, kimo ni kilekile, na kileleni mistari yote inagongana kwenye nukta moja. Hapo huja ushauri unaoniudhi kuliko yote: "Ongeza idadi." Weka 400, ongeza na safu za kwenda juu vilevile: kule juu upana utabaki nusu! Umeifanya kasoro iwe ndogo kiasi cha kutoonekana kwenye skrini, lakini kila kipande kitakachokatwa bado kinayo.

Pembesita tatu zilizo sawa zikikutana, nyuzi 120 mara tatu ni 360, yaani bapa kabisa. Ili uso upinde, lazima mahali fulani pembe ipungue, na hapo huingia pembetano. Mpira wa Telstar wa Kombe la Dunia 1970 una pembesita 20 na pembetano 12. Hiyo 12 haikuchaguliwa kwa urembo: tufe zima lenye maumbo hayo mawili, yakikutana matatumatatu, linadai 12 kamili, hata pembesita ziwe 2,000. Nusu tufe sehemu yake ni kama sita. Kwa kuwa liko wazi chini unaweza kuziacha, ila pembesita zitavutika.

Ukilifunika kuba kwa vioo bapa, umbo la kioo nalo lina neno: pembetatu hukaa bapa daima, pembenne mara chache. Paa la ua mkuu wa British Museum, London, la mwaka 2000 lina vioo 3,312, vyote vya pembetatu.

Pembetano zikae wapi? Vitabu husema zitawanywe kwa usawa. Mimi sina uhakika huo, kwa sababu mtu hulitazama kuba akiwa chini, na sijaamua kama jicho linaumizwa zaidi na ukubwa unaobadilika au na pembe inayobadilika. Nachapa modeli, naiinua juu ya kichwa, natazama.

Mafundi wa kuba la Sultan Qaitbay kule Cairo, karne ya 15, waliweka nyota kileleni hasa, palepale penye ugumu, nakshi ikashuka kutoka hapo. Kwa hiyo ukiniletea kuba, niambie kwanza unataka kilele kiweje.