Ripoti iliyofuata kiwango si cheti cha ubora

Wengi wakisoma kwamba programu imejaribiwa na watumiaji na ripoti yake imefuata kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 25062, kinachoelekeza jinsi ya kuandika ripoti kama hizo, hudhani imethibitishwa kuwa rahisi kutumia. Sivyo. Kiwango hicho hakina alama ya kufaulu. Kinachosawazishwa ni ripoti yenyewe, na programu inayowatesa watu inaweza kabisa kuandikiwa ripoti isiyo na dosari.

Kazi hii ilianza Marekani mwaka 1997, taasisi ya viwango ya NIST ilipowakutanisha watengenezaji wa programu na kampuni zinazozinunua. Muundo wa ripoti uliotokana na kazi hiyo ukawa kiwango cha taifa mwaka 2001, kisha cha kimataifa mwaka 2006.

Faida ya kiwango hiki iko kwenye maswali kinayolazimisha yajibiwe. Tuseme muuzaji anatangaza kuwa asilimia 90 ya watumiaji walikamilisha kazi. Watumiaji gani? Wahasibu watakaoitumia kila siku, au wahandisi wa kampuni yake? Walikuwa wangapi? Toleo la 2006 lilipendekeza wasipungue 8 kwa kila kundi. Na je, kuna waliosaidiwa? Mimi huanzia hapo, kwa sababu waliomaliza wenyewe na waliomaliza kwa kusaidiwa lazima waripotiwe kwa kutenganishwa. Kisha muda waliotumia, na kama waliridhika.

Majaribio madogo ya kusaka kasoro wakati programu bado inasanifiwa hayakulengwa na muundo huu. Huko, orodha ya kasoro na picha za skrini zinatosha.