Julai 7: nani aliyeiweka?

Kazi yangu redioni hapa Mombasa ni kuandaa kile kipindi kifupi cha asubuhi cha kumbukumbu za leo, na hakuna tarehe inayonishughulisha kama Julai 7. Ulaya na Marekani wamo katikati ya majira ya joto. Sisi huku kusi linavuma na kipupwe kimetulia. Tangu usiku simu huanza kujaa picha za chokoleti. Leo ni Siku ya Chokoleti Duniani, watu wanaambizana, na kila apokeaye anamrushia mwenzake.

Siku ya namna hii huiuliza swali moja: nani aliyekuweka, na wapi? Zipo siku zilizopitishwa kwa azimio, na azimio lenyewe unaweza kulisoma. Zipo tarehe ambazo hazikutangazwa na yeyote. Kilichopo ni tukio lililotokea. Halafu zipo zinazosambaa tu mitandaoni, na hapo ndipo ninapoiweka ya chokoleti. Husemwa kwamba ni siku hiyo, mwaka 1550, chokoleti ilipoingia Ulaya. Hilo silisomi hewani, kwa sababu mwaka 1544 wajumbe wa Wamaya, wakiongozwa na watawa wa Kidominika, walikwisha kufika Uhispania mbele ya mwana wa mfalme, Philip, na miongoni mwa zawadi zao ilikuwamo chokoleti ya kunywa. Kula chokoleti yako kwa raha zako, lakini sababu hiyo ya tarehe haina mguu.

Mkate ni habari nyingine. Julai 7, 1928, katika mji wa Chillicothe, jimbo la Missouri, Chillicothe Baking Company iliuza mkate uliokatwa tayari kwa mashine. Mashine ilibuniwa na Otto Rohwedder, mtu aliyetoka kwenye biashara ya vito. Mwaka 1917 moto ulimteketezea michoro pamoja na mashine ya kwanza, akaanza upya. Waokaji walimkatalia kwa hoja nzito: mkate ukishakatwa hukauka upesi. Ndiyo maana ilibidi mashine ikate na mkate ufungwe papo hapo. Msimamie muuza chai yeyote pale Mwembe Tayari asubuhi utaiona hoja ile ile: anatoa slesi mbili, kisha mkono wa pili unausokota mdomo wa karatasi ya nailoni hata kabla hajazipaka siagi. Napenda sana kumbukumbu za aina hii, maana msikilizaji anakuwa nayo mkononi wakati anakusikiliza.

Japani nayo ina sherehe ya Tanabata siku ya saba ya mwezi wa saba, ya nyota mbili zipendanazo zinazokutana mara moja kwa mwaka. Sehemu nyingine za nchi hiyo huifanya Agosti, wakifuata hesabu ya zamani ya mwezi.

Sasa tuje kwetu. Siku ya Kiswahili Duniani ina hati: Mkutano Mkuu wa UNESCO uliipitisha mjini Paris Novemba 2021, na ikaadhimishwa mara ya kwanza mwaka 2022. Tarehe haikuokotwa. Julai 7, 1954, chama cha TAA (Tanganyika African Association) kiligeuzwa kuwa TANU (Tanganyika African National Union) jijini Dar es Salaam, Julius Nyerere akiwa rais wake, na Kiswahili kikawa lugha ya kuwaunganisha watu katika kudai uhuru. Tena ni Julai 7, 2000, ndipo mkataba wa Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki ulipoanza kufanya kazi, baada ya ile ya kwanza kuvunjika mwaka 1977. Tanzania hupumzika siku hiyo, na maonyesho ya biashara ya Sabasaba huwa yamepamba moto Dar.

Kenya haipumziki. Hapa Mombasa ukimtajia makanga Sabasaba atajua unataka kushuka kwenye steji ya jina hilo. Lakini waliokuwa watu wazima mwaka 1990 hawahitaji kuelezwa. Kenneth Matiba na Charles Rubia, waliokuwa mawaziri, waliitisha mkutano uwanja wa Kamukunji, Nairobi, Jumamosi ya Julai 7, kudai vyama vingi. Siku tatu kabla wakakamatwa na kuwekwa kizuizini. Watu walikwenda hata hivyo. Polisi waliwatawanya, ghasia zikasambaa hadi miji mingine, na watu wasiopungua 20 wakauawa. Kifungu cha 2A, kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kisheria tangu 1982, kilifutwa Desemba 1991. Desemba 29, 1992, wananchi wakapiga kura katika uchaguzi wa vyama vingi. Vijana walioingia barabarani Julai 7, 2025, waliijua vizuri tarehe waliyokuwa wameishika.

Kwa hiyo kipindi changu cha siku hiyo hakifuati mpangilio wa miaka. Huanza na Kamukunji, na majina ya Matiba na Rubia huyasoma kamili, taratibu, bila muziki chini yake. Kiswahili hufuata, pamoja na TANU. Mkate huja mwisho, kabla ya taarifa ya saa mbili, watu wakiwa bado mezani.