Je, wajua kwa nini Jakarta ya kwenye filamu ni Manila?

Filamu ya The Year of Living Dangerously, aliyoiongoza Peter Weir wa Australia na kutoka mwaka 1982, inakuingiza Jakarta ya mwaka 1965 tangu dakika za kwanza. Jua kali, baiskeli za magurudumu matatu zinazobeba abiria, picha za Rais Sukarno ukutani, umati barabarani ukilaani ubeberu. Kila unachokiona kinakuambia uko Indonesia. Kumbe mji huo ni Manila, mji mkuu wa Ufilipino, na vipande vingine vilipigwa Sydney, huko huko Australia.

Wala haiko peke yake. Havana ya Robert Redford katika filamu ya mwaka 1990 iko Jamhuri ya Dominika. Moscow ya Doctor Zhivago (1965) ilijengwa pembezoni mwa Madrid. Nicaragua ya Under Fire (1983) ni Mexico. Ukizifuatilia filamu za aina hii, zile ambazo wawili wanapendana huku serikali inaanguka nyuma yao, utaona ni jambo la kawaida kabisa: mapinduzi yalitokea nchi moja, kamera ikaenda kufungwa nchi nyingine. Kwa nini?

Wengi watakujibu kwamba ni gharama. Gharama zimo, lakini hazielezi kwa nini mtu ajenge Moscow nzima upya wakati Moscow ipo. Swali linalofungua mambo ni jingine: siku filamu inaombewa kibali, nani alikuwa amekaa kwenye kiti kilichogombewa?

Filamu ya Weir inalionyesha hilo vizuri kuliko nyingine. Guy Hamilton, anayeigizwa na Mel Gibson, ni mwandishi wa habari kijana kutoka Australia. Ni mgeni Jakarta, hana anayemjua wala wa kumpa habari. Anapokelewa na Billy Kwan, mpiga picha mfupi sana mwenye damu ya Kichina na ya Australia, mtu anayejua kila mlango wa mji. Billy ndiye anayemkutanisha na Jill Bryant (Sigourney Weaver), mfanyakazi wa ubalozi wa Uingereza. Na hapa niseme kidogo, maana watu wengi humaliza filamu bila kugundua: Billy, mwanamume, anaigizwa na mwanamke, Linda Hunt. Alipata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo, na alikuwa wa kwanza kuipata kwa kuigiza mhusika wa jinsia nyingine.

Kuna usiku mmoja Guy na Jill wako garini na muda wa kutotoka nje umeshaanza. Mbele kuna kizuizi cha wanajeshi. Guy badala ya kusimama anakanyaga mafuta, gari linapenya katikati, risasi zinalia nyuma yao, na wale wawili wamepagawa kwa furaha kama watoto waliotoroka shule. Ukiitazama kwa jicho la mtengeneza filamu utaona ujanja wake. Penzi lile lile lingewekwa kwenye mji wenye amani, ingebidi mwandishi ahangaike kutafuta kikwazo: wazazi, mahari, mume wa mtu. Hapa kikwazo kimejileta chenyewe na kimeshika bunduki.

Kisha mambo yanageuka. Jill, kwa kazi yake ubalozini, anaona ujumbe wa siri kwamba kuna shehena ya silaha inayokuja kwa wakomunisti wa Indonesia. Anamwambia Guy ili aondoke nchini akiwa hai. Guy anaona habari ya kumpatia jina. Siri aliyopewa kwa mapenzi anaanza kuifukuzia kama habari ya gazeti, na kuanzia hapo hujui tena kama unaangalia filamu ya mapenzi au ya kijasusi. Siri ile isingekuwa na uzito kama nchi isingekuwa inatokota, na isingetoka ubalozini kama Jill asingependa. Ndiyo maana waandishi wa hadithi hawaachi kuyafunga mambo haya mawili pamoja.

Sasa mtu wa London au New York anaiona shehena ile kama kionjo cha hadithi tu. Mtu wa Jakarta hawezi. Usiku wa kuamkia Oktoba 1, 1965, majenerali sita wa jeshi la Indonesia waliuawa pamoja na ofisa mmoja kijana. Jeshi likakilaumu chama cha kikomunisti, PKI, ambacho wakati huo kilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa zaidi vya aina yake duniani. Miezi iliyofuata yalifanyika mauaji makubwa ya watu waliodaiwa kuwa wanachama au washirika wake. Makadirio ya wanahistoria wengi huanzia watu 500,000. Jenerali Suharto, aliyeongoza jeshi katika kipindi hicho, alimsogeza Sukarno pembeni hatua kwa hatua, akawa kaimu rais mwaka 1967 na akakaa hadi Mei 1998.

Kwa hiyo Weir na wenzake walipotaka kushuti Jakarta mwanzoni mwa miaka ya 1980, mwenye muhuri wa kibali alikuwa ndiye mshindi wa usiku ule. Riwaya iliyozaa filamu, ya Christopher Koch, ilikuwa imetoka mwaka 1978 na maudhui yake yalijulikana. Jibu likawa hapana. Na si kwamba serikali ya Suharto haikutaka filamu juu ya jambo hilo. Ilitaka, ila iwe ya kwake. Mwaka 1984 ilitoa filamu yenye urefu wa zaidi ya saa nne kuhusu mauaji ya wale majenerali, wakomunisti wakiwa ndio mashetani wa hadithi, ikawa inaonyeshwa kwenye televisheni ya taifa kila Septemba 30 na wanafunzi wakilazimika kuitazama. Ya Weir ilipigwa marufuku hadi Suharto alipoondoka.

Manila ikaonekana ndiyo mahali pa kukimbilia: joto lile lile, mitaa ya mabanda iliyobanana, sura za watu zinazokaribiana. Lakini mji haubadilishwi jina kwa bango tu. Baiskeli ya abiria ya Jakarta humkalisha abiria mbele na dereva akapiga pedeli nyuma yake; ya Manila ina kigari pembeni. Huwezi kukodi za mtaani ukadhani mtazamaji wa Indonesia hataona. Jeepney nazo, zile daladala za Manila zilizorembwa kwa rangi, zikipita nyuma ya mwigizaji mara moja tu, Jakarta yako imekwisha.

Lililowashinda lakini si daladala. Vitisho vya kuuawa vilianza kufika, kutoka kwa watu walioamini kwamba filamu inautukana Uislamu. Kikosi kizima kikafungasha na kumalizia kazi Sydney. Fikiria hali hiyo: unaigiza watu wanaokimbia mji kwa kuhofia maisha yao, halafu na wewe unaukimbia mji. Nchi yenyewe ilikuwa ya Ferdinand Marcos, aliyeitawala kwa sheria ya kijeshi kuanzia mwaka 1972 na kuiondoa rasmi mwaka 1981. Marcos alikuwa rafiki wa wapiga filamu, alishawahi hata kukodisha helikopta za jeshi kwa filamu ya vita vya Vietnam, ingawa ziliitwa katikati ya kazi kwenda kupigana na waasi wa kweli. Februari 1986 na yeye aliondolewa na umati uliofurika barabara kuu ya mji huo huo.

Kuna wakati mlango haufungwi na nchi ya mapinduzi bali na nchi ya mpiga filamu mwenyewe. Havana ya Redford inahusu mcheza kamari wa Marekani anayempenda mke wa mwanamapinduzi katika siku za mwisho za Desemba 1958, kabla Batista, dikteta wa Cuba, hajakimbia alfajiri ya Januari 1, 1959. Mwongozaji Sydney Pollack hakuweza kwenda Cuba kwa sababu vikwazo vya Marekani, vilivyoanza kutumika kikamilifu mwaka 1962, vilizuia kampuni ya Kimarekani kwenda kutumia dola zake huko. Akajenga barabara ya Havana, na baa zake na taa zake zote, Jamhuri ya Dominika. Pesa nyingi zilizama na filamu haikuzirudisha. Miaka 11 kabla yake Sean Connery alishaigiza kwenye filamu ya mapenzi na mapinduzi ya Cuba iliyopigwa Hispania, ikiwemo Cádiz. Mji huo una ukuta wa bahari na majumba yanayofanana na ya Havana, jambo ambalo si la ajabu: aliyejenga ni yule yule mkoloni. Mwaka 2002 James Bond naye alifika "Havana" kwa kupitia Cádiz. Hollywood ilipokuja kuruhusiwa kushuti Havana yenyewe kwa filamu kubwa, mwaka 2016, haikuleta hadithi ya mapenzi wala ya mapinduzi. Ilileta mashindano ya magari.

Hispania imebeba mapinduzi mengi ya watu. Riwaya ya Doctor Zhivago ilikuwa marufuku Urusi ya Kisovieti na mwandishi wake, Boris Pasternak, alishinikizwa kuikataa Tuzo ya Nobel mwaka 1958, hivyo hakuna aliyetegemea mwongozaji David Lean akaribishwe Moscow. Akaenda kujenga mtaa wake Madrid. Tatizo likawa baridi: mwaka huo theluji ya Hispania iligoma. Uwanda mweupe unaouona kwenye filamu, sehemu yake ni vumbi la marumaru lililomwagwa, na ile nyumba iliyoganda barafu ndani, ambamo daktari na mpenzi wake Lara wanajificha, imepakwa nta. Waigizaji wamevaa makoti ya manyoya kwenye jua. Inasimuliwa pia kwamba usiku wa kushuti maandamano, umati ulipoimba wimbo wa wakomunisti, majirani walidhani Franco, dikteta wa Hispania, ameanguka, na polisi wa Franco wakaja kuangalia nani anaimba kwa kuigiza na nani anaimba kwa moyo. Warusi wenyewe waliiona filamu hiyo rasmi mwaka 1994, Umoja wa Kisovieti ukiwa umeshakufa.

Bima nayo ina sauti yake. Filamu kubwa haianzi bila bima, na hakuna bima inayopenda kusikia neno "waasi". Hata kibali kikipatikana, barua moja kutoka kwa watu wa bima inatosha kuhamisha lokesheni.

Ukitaka kuhakikisha kwamba kiini ni nani alishinda, angalia filamu zilizopigwa pale pale. The Battle of Algiers, filamu ya vita vya uhuru vya Algeria ambayo haina mapenzi ya kutajwa, ilishutiwa Algiers mwaka 1965 kwa sababu waliokuwa wakiwindwa na Wafaransa ndio waliokuwa wameshika serikali. Mmoja wao, Yacef Saadi, ndiye aliyeitayarisha na akaigiza humo. Ufaransa ndiko ilikokaa miaka bila kuonyeshwa. Karibu na kwetu, filamu ya mwaka 1981 juu ya kuinuka na kuanguka kwa Idi Amin, yenye Joseph Olita kama Amin, ilipigwa Kenya, maana Uganda ya wakati ule ilikuwa bado haijatulia. Miaka 25 baadaye Forest Whitaker aliyejifunza Kiswahili kwa ajili ya nafasi hiyo alimwigiza Amin Uganda kwenyewe. Rais alikuwa Museveni, aliyekuwa amepigana kumwondoa Amin mwaka 1979. Nani angemnyima kibali mtu anayekuja kumchora adui yako?

Na Zanzibar tunayo Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka mwaka 2021 kutokana na riwaya ya Adam Shafi. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeikimbia ndoa ya kulazimishwa, anampenda Denge, mpigania uhuru anayewindwa na polisi wa kikoloni. Mapenzi yako hapo, kuwindwa kuko hapo, na vichochoro vya Mji Mkongwe ni vya kweli. Zanzibar ilijichezea yenyewe. Hadithi ni ya miaka ya 1950 na wabaya wake ni Waingereza, jambo ambalo halimkwazi mtu yeyote ofisini. Isogeze mbele miaka michache, ifikishe Januari 1964, na nadhani mazungumzo ya kibali yangechukua chai nyingi zaidi.